Marehemu Kondo na Wenyeji wa Kudumu

Mwanamvua alikuwa anabishana na marehemu mumewe juu ya kaburi lake, na marehemu ndiye aliyekuwa anashinda.

"Nihamisheni!" alisema Mzee Kondo, kakaa barazani mguu juu ya mguu, balaghashia imemlalia sikioni. "Pale mliponilaza pana siafu. Wanaingia bila hodi kama mawifi. Mke wangu, nitoe pale, nipeleke hata Tabora!"

Baraza zima likaangua kicheko. Bi Chausiku, aliyekuwa akipepeta mchele usioisha, akajipiga paja. Shomari kinyozi akasimamisha wembe shavuni kwa mteja wake, akacheka mpaka akainama.

"Tabora una nani?" Mwanamvua aliuliza. "Mzaramo wa Kisarawe wewe, hata Morogoro ulikuwa unakwenda kwa kusukumwa."

"Ndiyo niende sasa, nina nafasi!"

Wakacheka tena. Mwanamvua naye akacheka, halafu akaacha, maana hakujua alikuwa anacheka na nani.

"Na Mwinshehe je?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Tukikuhamisha wewe, yeye tunamwachia nani?"

"Mwinshehe? Mwambie alete chai, na sukari asinibanie!"

Mwinshehe alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alifariki kabla hajaota jino. Kikaburi chake hakikuwekewa jiwe, na mvua za miaka zikakisawazisha na ardhi hata pasionekane tena, isipokuwa kwa Kondo, ambaye hakupasahau. Alipougua alisema neno moja tu kuhusu maziko yake: alazwe kando ya mwanawe. Sasa mtu kama huyo anamwitaje mtoto yule alete chai?

Mwanamvua alinyoosha mkono kumwekea sawa balaghashia. Vidole vikapita sikioni mwa mumewe kama vinapita kwenye mvuke wa sufuria.

Alishazoea. Kondo huyu alikuwa nuru na sauti tu, inayotupwa na vijitaa vilivyofichwa kwenye boriti. Bi Chausiku naye nuru na sauti. Shomari, mteja wake, wembe na povu, vyote nuru na sauti. Kampuni iliwaita wenyeji wa kudumu. Wale wenye nyumba na miili yao waliitwa wakazi.

Zamani hapo palikuwa Kombo Mbili, mtaa wa nyumba zilizobanana hata jirani akikaanga dagaa wewe ndiye unayepiga chafya. Kampuni ikanunua kiwanja kimoja baada ya kingine, ikavunja, ikajenga Bustani za Kombo. Kuta zikawa zinapumua ubaridi. Mageti yakawa yanamjua mtu kwa sura. Magari yakawa yanajiendesha bila hata mlio wa kusema yamepita, juu ya barabara nyeupe ambayo vumbi likitua linafyonzwa. Wenye uwezo wakahamia kwa mbwembwe, halafu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyeweza kusema sababu. Huyu alisema halali vizuri. Yule alisema watoto wamekuwa wakimya. Mwingine alimkuta mkewe anaisimulia friji mambo ya kazini. Bei za nyumba zikaporomoka. Wataalamu wakaitwa, wakatembea na vipimo vyao, wakasema mtaa kila kitu unacho ila hauna haiba.

Basi haiba ikatengenezwa. Kwenye nguzo za taa za Kombo Mbili kulikuwa na kamera zilizowekwa kukamata wezi. Wezi hazikuwahi kukamata, lakini zilikuwa zimehifadhi miaka ya maongezi, salamu, matusi na vicheko. Mfumo wa kompyuta ukayasoma yote hayo, ukajifunza tabia za watu wa mtaa, walio hai na waliokufa, ukawarudisha pale kwenye kona. Asubuhi ilinukia vitumbua ingawa hakuna aliyekaanga. Na wenyeji hawakuwa kama picha za ukutani. Walisikilizana wao kwa wao. Mmoja akicheka, mwingine huuliza kulikoni; mmoja akinyamaza, wenziwe humuulizia.

Bei zikapanda kuliko mwanzo. Wakazi hawakuja kukaa barazani, hata! Walikuwa wanateremsha kioo cha gari wakipita, wanasikia kicheko, wanapandisha kioo. Iliwatosha.

Mwanamvua aliletwa pale na mwanawe Zawena, mhandisi wa maji aliyejaliwa kupata nyumba kwenye mtaa uleule aliozaliwa. Siku ya kwanza alipokunja kona akamwona mumewe kakaa, alikaa chini palepale barabarani. Siku zilizofuata alikwenda na kigoda chake na kikombe cha chai. Watu wa kwao wangemwona mwehu, lakini wangekuwa wamekosa kusikia jambo moja. Katika maisha yake yote Kondo alimwita "Mama Zawena," na siku akiwa amefurahi sana, "we mama." Huyu wa barazani alikuwa anamwita mke wangu, tena kwa sauti, mbele za watu.

*

Meneja wa Haiba alikuja nyumbani kwa Zawena mchana. Aliitwa Ombeni, kijana mtanashati aliyekulia kwenye mitaa ya mageti, mwenye tabasamu lisilozimika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, baba, usisimame kama mgambo anayesubiri kumwaga nyanya za watu. Umekula?"

"Nimekula, bibi."

"Umekula nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Ombeni swali hilo tangu aanze kazi. "Kitu cha... cha kwenye pakiti," alisema.

"Basi hujala." Mwanamvua akamsogezea sahani ya mihogo.

Shida yenyewe aliieleza huku anatafuna. Yale makaburi ya zamani nyuma ya mtaa yalikuwa yanahamishwa ili lichimbwe ziwa la kuogelea. Sheria ilitaka mambo mawili: ridhaa ya marehemu mwenyewe kama ana mwenyeji anayesema, na mjane athibitishe kwamba mwenyeji ndiye; akinyamaza, amekubali. "Na mzee ameshasema, bibi. Tena anasema kila siku, anashangiliwa. Limebaki dole gumba lako tu. Tutamhamisha kwa heshima zote."

"Na walio kando yake?"

"Kila kaburi lenye jiwe litahamishwa."

Mwinshehe hakuwa na jiwe.

"Mama, baba kasema," Zawena aliingilia. Alikuwa amesimama dirishani, kawapa mgongo. "Mimi yule wa barazani simpendi, wala sikai naye, naogopa. Lakini wewe ndiye unayesema ni baba. Huwezi kumkubali kwenye chai ukamkataa kwenye kaburi."

Mwanamvua akamgeukia mgeni.

"Hebu niambie, kijana. Kondo wangu alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Huyu wenu hanyamazi. Maneno yote yale kayatoa wapi?"

Ombeni akachangamka kama fundi aliyeulizwa siri ya kazi yake. "Mzee alitutesa, bibi! Miaka ya picha, yeye anaguna tu. 'Ee.' 'Haya.' 'Mmh.' Mfumo haukuwa na cha kujifunza. Halafu tukaipata siku moja, bibi, hazina tupu! Turubai limefungwa kwenu, watu wamejaa, masufuria makubwa makubwa, na mzee kachangamka ajabu. Kavaa koti lake, uso kaupaka unga, anatembea huku na huku anatania kila mtu. Kila anakopita wanamwita, 'Kondo huyo! Kondo karudi!' Tulijua ni harusi. Uso tuliuchukua kwenye picha nyingine, maana ule unga... Lakini koti ni lake, mwendo wake, jina lake. Karibu kila anachosema kimetoka siku ile."

Mwanamvua aliweka kikombe chini polepole, kama aliyekuwa anaogopa kuamsha mtoto.

Ile haikuwa harusi.

"Zawena," alisema, "siku hiyo wewe hukuwepo. Ulikuwa masomoni, ukakosa ndege."

"Siku gani, mama?"

Mama yake alikuwa ameshamgeukia kijana. "Ombeni, na familia ikisema mwenyeji siye?"

"Anazimwa. Palepale, na harudi tena. Sheria ya sura za watu haina mchezo. Na neno lake kuhusu kaburi linakuwa halina nguvu, pale hapachimbwi." Tabasamu la kijana likapungua kidogo. "Lakini utasemaje siye, bibi? Si unakunywa naye chai kila asubuhi?"

Wakaafikiana wakutane barazani kesho yake alasiri.

*

Kesho yake asubuhi Mwanamvua alimkuta Kashindye, mtani wa marehemu mumewe, nyuma ya nyumba ya bintiye huko Chanika, anamenya karanga, macho yamefifia lakini pua bado kali.

"Nani huyo ananukia marashi? Wazaramo siku hizi mnaoga?"

"Kwenda huko, mbeba mizigo. Mababu zako walitembea na magunia kichwani mpaka pwani, wewe hata sinia la karanga limekushinda."

"Tulibeba kwa sababu nyinyi mlikuwa kwenye ngoma! Karibu, mjane wa mvivu. Kaa."

Akakaa. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulikuwa wa tangu enzi za misafara, na pale Kombo Mbili Kashindye na Kondo waliutumia kila siku ya Mungu. Kondo alipofariki, Kashindye alifanya kinachomhusu mtani. Wakati wengine wanalia, yeye alivaa koti la marehemu, akajipaka unga, akaiga kutembea kwake kwa kuvuta mguu, akazunguka turubai zima anadai hajafa. Jeneza lilipotaka kunyanyuliwa akalala mbele yake, akagoma: haendi kulala na siafu, apelekwe Tabora. Wanawake waliokuwa wamezimia kwa kilio walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mwanamvua mwenyewe alicheka. Mpaka leo aliamini kicheko kile ndicho kilichomfanya siku ile ameze tonge.

Alimsimulia yote. Kashindye alicheka hadi kikohozi kikamshika, akapigwa mgongo, akanywa maji.

"Kwa hiyo mimi naishi mtaa wa matajiri na sijaambiwa!"

"Usicheke. Lile la siafu?"

"Langu."

"La Tabora?"

"Sasa nani mwingine anataka Mzaramo Tabora? Langu hilo. Nilitaka tukamfundishe kulima."

Mwanamvua alichukua karanga, akaimenya, akairudisha kwenye sinia bila kuila. "Na lile la mke wangu?"

Mikono ya Kashindye ikasimama.

"Hilo si langu," alisema.

"Kashindye, leo usinitanie."

"Sikutanii. Akija kupiga soga kibandani kwangu Kombo Mbili, ndivyo alivyokuwa anakuita. 'Mke wangu kapika kisamvu.' 'Ngoja niwahi, mke wangu ataniuliza.' Mimi nilimwiga tu. Nilidhani hata nyumbani anakuita hivyo."

Mwanamvua alimkazia macho. Alikuwa amewahi kusoma nyuso za waongo wengi, wauza samaki, wachumba, hata mashehe wawili watatu. Uso wa mtani ulimshinda. Ulikuwa umezoea kudanganya kwa ukarimu, na sasa hakuweza kujua kama huo ndio ukarimu wenyewe.

"Apa."

"Mnyamwezi akimwapia Mzaramo, nani atamwamini?" Akacheka au akakohoa, havikutofautiana.

"Nikisema siye, wanamzima," alisema Mwanamvua. "Nikinyamaza, Mwinshehe wangu analazwa chini ya maji ya watu kuogelea. Nimewaza labda wambadilishe jina tu, aitwe Kashindye."

"Ili nikuite mke wangu mbele ya mtaa mzima? Wanangu wataniuliza!"

"Hata mimi nimeliona hilo."

Walicheka, safari hii kidogo. Kuku alipita akadonoa ganda. Kashindye akasema, bila utani wowote ambao Mwanamvua aliweza kuusikia, "Mimi nilimfufua kwa siku moja, ili usije ukamfuata. Jioni nikavua koti. Hawa wenzangu wamelivaa hawavui. Sijui kazi yao hiyo inaitwaje."

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi kazi yangu ilikuwa kukuchekesha. Nilishaimaliza."

*

Alasiri Ombeni alisubiri barazani na kioo chake cha mkononi, tabasamu limerudi mahali pake. Zawena alikuja pia, akasimama mbali na wenyeji, mikono kaikunja. Njiani mama yake alikuwa amemweleza habari ya turubai.

Mwanamvua alikaa kando ya mumewe. Jua lilikuwa linapita kifuani mwake likitua kwenye saruji. Kwa karibu hivi, na kwa kujua alichokijua, alitegemea kumwona Kashindye. Hakumwona. Alimwona Kondo, kisha Kashindye, kisha Kondo tena, kama mtu anayetazama kitambaa cha hariri akishindwa kusema rangi yake.

"Mzee Kondo."

"Naam, mke wangu!"

"Nani kakufundisha kuniita hivyo? Sema kweli, leo tu."

"Njaa!" alisema Mzee Kondo. "Njaa, mke wangu, inamfunza mtu adabu! Pakua!"

Baraza likacheka. Mwanamvua alisubiri kicheko kipungue, kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo avuke.

"Ombeni," alisema, "huyu siye."

"Bibi, una hakika?"

"Sina. Nusu yake sijui ya nani. Pengine nusu hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka maisha yangu yote, na sasa naitupa kwa mkono wangu. Lakini asiyemjua Mwinshehe siye baba yake. Kaburi haliguswi. Lete hicho kioo."

Aliweka dole gumba. Mzee Kondo alikuwa kageuka upande wake, kanyanyua kidole kama mwenye neno jipya.

"Mke wa—"

Pakawa patupu. Saruji, na jua juu yake.

Shomari kinyozi, aliyekuwa ameshaanza kucheka, alikatika katikati. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Kondo kaenda wapi?"

"Si alikuwa hapa?" alisema Bi Chausiku. "Sasa hivi tu alikuwa hapa."

"Kondo! We Kondo!"

Waliita. Walichungulia chini ya benchi. Ombeni alikigonga kioo chake, akakigonga tena. "Hii haimo," alisema. "Hii sisi hatujaiweka." Kweli hawakuiweka. Lakini Mfumo ulikuwa umewasoma watu wa Kombo Mbili kwa miaka, na katika miaka hiyo ulikuwa umeona wanachofanya mtu wa barazani anapotoweka, akaitwa, na asiitike.

Bi Chausiku aliweka ungo chini. Akajifunga kanga kiunoni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapasua kilio.

Spika zilizofichwa kwenye maua zilikibeba mtaa mzima. Wanawake wa nuru wakaanza kutokea kwenye kuta, wengine Mwanamvua aliwazika mwenyewe, wamekumbatia majamvi. Wanaume wa nuru wakafunga turubai la nuru kutoka geti hadi geti bila kuomba ruhusa. Masufuria yakashushwa. Mtu akauliza nani anakwenda kununua sanda. Wote walipita mbele ya Mwanamvua mmoja mmoja, wakainama, wakanyoosha mikono isiyoshikika: pole, mfiwa. Pole, dada. Ndiyo kazi ya Mungu.

"Niwazime?" Ombeni aliuliza. Kidole chake kilibaki hewani hakijui pa kushukia.

Zawena alisogea. Alikuja akitembea katikati ya watu wa nuru, akiwakwepa kama watu wa kweli, akawa anasema samahani, samahani, kwa kila mmoja. Alikaa chini kando ya mama yake, akalaza kichwa pajani, akalilia maziko aliyoyakosa.

Geti la jumba jeupe likafunguka, halafu la jirani yake. Wakazi wakatoka, na nguo za nyumbani, na simu mkononi, hawajui waiweke wapi miguu yao. Mwanamume mmoja alikuwa kabeba katoni ya maji ya kunywa. Huenda alikumbuka kitu cha kwa bibi yake, huenda hata hakujua kwa nini kaibeba. Mwanamke ambaye Mwanamvua alikuwa amemwona kupitia kioo cha gari tu alikuja mpaka karibu, akachuchumaa.

"Samahani, mama," alinong'ona. "Nani amefariki?"

Mwanamvua alitazama pale mahali patupu. Akamtazama Bi Chausiku, marehemu wa miaka mingi, anavyogaagaa kwa kumlilia marehemu mwenzake. Akamtazama binti yake. Alifungua mdomo na majina yakamjia yote kwa pamoja, likiwamo la mtoto ambaye hakuwahi kuota jino.

"Hata sijui nikwambieje, mwanangu," alisema. "Vua viatu, ukae."